Mjukuu wangu hajafikia umri wa daftari

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Ninalea mjukuu wa kiume wa miaka 2 na miezi 9, maana mama yake anafanya kazi Kampala. Muhula huu tulimpeleka beibi klasi. Kosa la kwanza ni letu, nakiri: chekechea nchini kwetu ni ya miaka 3 hadi 5, nasi tulikuwa na haraka.

Wiki ya pili akarudi na daftari, ajaze ukurasa mzima wa namba 2. Akaikamata penseli kwa ngumi kama mchi, akapiga mistari mitatu, ncha ikakatika, akaanza kuitafuna. Kesho yake mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Ni mzito."

Mzito! Huyu akikaa chini ya cherehani yangu hutenga vifungo, vikubwa koponi, vidogo kwenye kifuniko. Nikivichanganya makusudi ananikemea. Mwaka jana alikuwa akilia "maji taka", tukicheka kwamba anaomba maji machafu. Leo anayatazama malori yaliyopanga foleni mpakani na kuniuliza, "Nyanya, mbona lori limelala?" Kichwa kiko sawa. Vidole ndivyo havijawa tayari. Mtoto hukomaa mkono kuanzia begani kwenda vidoleni, na katika umri huu mifupa mingi ya kifundo cha mkono bado ni gegedu laini, haijawa mfupa mgumu. Aachwe akande udongo, akwee, arushe mpira, penseli itafika.

Mwalimu analalamika pia kwamba ni mchoyo, hachezi na wenzake. Mbona hapa nyumbani yeye na binti wa jirani hukaa mkeka mmoja wakipeana mgongo, kila mtu na matope yake, na mmoja akiondoka mwingine anamlilia? Kwa miaka 2 huko ndiko kucheza pamoja. Juzi nilimmenyea ndizi, kumbe alitaka kuimenya mwenyewe. Alijitupa vumbini akapiga mayowe mpaka wateja wakatoka kuchungulia. Sikumchapa. Hasira ilikuwa kubwa kuliko maneno aliyo nayo, basi. Nilikaa naye chini, akapoa, akaila ile ile ndizi.

Tena wanakaa kwenye benchi tangu saa 2 asubuhi hadi saa 9 bila hata jamvi la kulalia. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa umri wake alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wangu anafika nyumbani akisinzia mgongoni kwangu, uji haumalizi.

Najua walimu wanabanwa na wazazi wanaowazia intavyuu ya darasa la kwanza. Lakini uwanjani pale kuna pembea nzuri, imefungwa kwa waya isichakae kabla ya siku ya wageni. Ombi langu kwa mkuu wa shule ni dogo: aifungue.

Nyanya mshonaji,
Busia, Uganda