Kabla hujasema nimekuuzia chai ya udongo

Jamani hili swali nimechoka kulijibu WhatsApp, naliandika hapa yaishe. "Dada chai yako inanuka udongo, halafu chungu, umenipiga." Juzi kaka mmoja kaja na hayo hayo, anataka hela yake, nikamwambia nitumie video unavyoipika. Akatuma. Kaitwanga kwenye kinu, kaimwaga kwenye sufuria la maziwa na tangawizi, ikatokota robo saa nzima. Sasa hapo hata mimi ningelalamika.

Chai yenyewe ni pu-erh, inatoka Yunnan, China, inashindiliwa kuwa mkate wa gramu 357. Ninayowauzia ghali ni ile mbichi, sheng, iliyokaa ghalani miaka na miaka ikigeuka yenyewe. Siyo ile inayolundikwa, inamwagiwa maji na kufunikwa ikolee ndani ya wiki kadhaa, ufundi walioanza nao Kunming mwaka 1973. Hiyo nayo ninayo, bei poa, sina ugomvi nayo.

Sasa ya zamani inanyweka hivi. Chokonoa mkate kwa ubavuni na kisu chembamba, taratibu, majani yatoke mazima, maana yakivunjika uchungu wote unatoka kwa mkupuo. Pima gramu 7 kwenye kibakuli cha mililita 100 chenye mfuniko. Mimina maji yanayochemka, mwaga hapo hapo, hayo ni ya kuoshea, na ile harufu ya stoo mnayoiita udongo nyingi inaondoka nayo. Maji ya kwanza sekunde kumi tu, ya pili hivyo hivyo, bado utasikia ubao mkavu na kafuri kwa mbali, watu wengi wanakata tamaa hapa na ndo wananipigia simu. Ngoja ya nne! Rangi inakuwa nyekundu ya kahawia, angavu, kitako cha kikombe unakiona, uchungu unagusa ulimi halafu kooni unarudi utamu. Ya saba ya nane ongeza nusu dakika, dakika. Ya kumi na kuendelea imebaki laini, tamu kama maji yaliyolowekwa tende. Ikichoka kabisa, sawa, lete sufuria lako chemsha hayo majani, hapo ruksa.

Kwa hiyo mkate mmoja unakutosha kukaa chini kunywa mara hamsini, na kila mara maji kumi. Gawanya kwanza ndo useme bei. Na hizo za "miaka 30" mnazonitumia picha, bei ya kutupwa, pale Fangcun, soko la chai la Guangzhou, karatasi ya kufungia yenye mwaka wowote unaoutaka inachapishwa, mimi sinunui karatasi, nakaa naonja mpaka maji ya mwisho ndo natoa hela, na huo muda umo kwenye bei, sifichi.

Halafu msiiweke kabatini na viungo. Mama mmoja aliifungia na karafuu na iliki, akarudi analalamika nimemchanganyia. Inavuta harufu hiyo! Wala friji. Karatasi yake inatosha, pakavu, mbali na jiko.

Ukiona manyoya ya ukungu, ya kijani au ya njano, usionje, ilete hela yako narudisha bila maneno. Iliyopita kwenye kinu, hapana.