Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utamaduni wa Jiji: ngoma na mazungumzo visigombanishwe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kabla hujatia sahihi ratiba ya tamasha la sanaa, tunaomba uangalie jambo moja: mazungumzo na wasanii yamepangwa hemani saa ileile ngoma zinapopigwa jukwaa kuu. Kwenye karatasi ni sehemu mbili, lakini masikioni ni moja. Besi haizuiliwi na turubai la hema, na kugeuza spika hakusaidii sana kwa kuwa sauti nzito husambaa pande zote. Msanii anayezungumza kwa sauti ya kawaida atamezwa. Fundi akijaribu kumwokoa kwa kupandisha maiki, spika zitapiga mluzi.

Dawa iko kwenye ratiba. Jukwaa kuu linyamaze dakika 60: 10 za watu kukaa, 30 za mazungumzo, 15 za maswali, 5 za kutoka. Kunyamaza ni pamoja na kutopima vyombo, maana ngoma inayopimwa hupigwa kwa nguvu zilezile za onyesho. Hilo likishindikana, hamishieni mazungumzo kwenye ukumbi wenye kuta za matofali.

Hema la mazungumzo linahitaji maiki nne: mbili za wazungumzaji, mbili za wasikilizaji. Ikizunguka moja tu, muda unaishia kwenye kuipitisha juu ya vichwa, kisha mtu anachoka kusubiri na kuuliza bila maiki. Walio nyuma hawamsikii, mkalimani wa lugha ya alama naye anabaki kukisia. (Huyo mkalimani awekewe taa yake, jua likizama, mikono yake haionekani.) Mshereheshaji awaelekeze wageni washike maiki upana wa ngumi kutoka mdomoni. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti hushuka takriban desibeli 6, na msanii akinogewa na hadithi huteremsha maiki hadi kifuani bila kujua. Asifumbate kichwa cha maiki pia, kwani hapo ndipo mluzi huanzia.

Kuhusu tiketi za bure, mtu asiyelipa hapotezi kitu asipokuja. Matokeo yake viti vinakaa vitupu huku mlangoni watu wanarudishwa. Tangazeni mapema kwamba kiti kisichokaliwa dakika 10 kabla ya kuanza kinapewa aliye kwenye foleni, na msimamizi asione haya kulitekeleza.

Uwanjani, pasipo tiketi, lazima watu wahesabiwe getini. Kipimo kinachotumika sana ni nusu mita ya mraba kwa mtu aliyesimama, yaani mita za mraba 1,000 kwa watu 2,000. Toeni kwanza jukwaa, vibanda, njia za dharura na sehemu zote ambazo jukwaa halionekani, kwa sababu watu hawatakaa huko. Watasukumana mbele.

Mwisho ni malipo. Kuzungumza mbele ya watu ni kazi, tena inahitaji maandalizi yake. Mkataba unaotaja onyesho peke yake, halafu msanii akaombwa “aongee kidogo”, unamfanya yeye awe mfadhili wa tamasha. Mazungumzo yapewe mstari wake kwenye bajeti.

Tunaomba mchoro wa uwanja na ratiba ya majaribio ya sauti kabla vipeperushi havijaenda kuchapwa.

Wako katika kazi,
Mafundi sauti na waratibu wa majukwaa