Barua kwa Kabula: utabiri wa ziwa usomwe kabla mitumbwi haijatoka

Igombe, Mwanza
Jumapili jioni

Kabula rafiki yangu,

Mwadila! Huku wazima, mama magoti yanamsumbua asubuhi tu, jua likitoka anatembea vizuri. Sita kaingia darasa la tatu na tayari anabishana na mwalimu wake. Najua ni muda mrefu hatujaandikiana, na barua ya mwisho ilitoka kwako. Salamu nyingine nitakupa mwishoni. Leo kuna jambo limenikaa kooni.

Mabula yuko kambi ya wavuvi kisiwani Goziba tangu giza hili lianze, siku hizi zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa. Tulia kwanza, yeye ni mzima. Ila dhoruba iliwakuta katikati ya maji usiku wa manane, taa zimeshatandazwa na dagaa wameanza kujikusanya. Waliziacha nyavu, wakaziacha na taa, wakawa kazi yao ni kuchota maji mtumbwini mpaka kunakucha. Mtumbwi uliokuwa jirani yao haukurudi na watu wote. Majina sikuandikii, familia bado zinasubiri. Mama Kulwa ndiye aliyeniletea habari, na alianza kulia hata hajaketi.

Kinachoniuma ni hiki: tahadhari ilikuwepo. Mchana wa siku hiyo niliisoma kwenye simu yangu, utabiri wa Ziwa Victoria kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Upepo mkali usiku, mawimbi makubwa, radi, upande wa magharibi wa ziwa. Nikampigia Mabula, hapatikani. Nikampigia tajiri wake, mwenye mtumbwi, inaita haipokelewi. Nikatuma ujumbe, ukasomwa kesho yake mchana, watu wameshazikwa na maji. Tahadhari ilivuka nusu ya dunia ikafika jikoni kwangu, ikashindwa kufika Goziba.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Redio yenu, unakotangaza, inasikika Goziba, Bumbire na visiwa vingine vya Muleba. Mabula ananiambia kambini haizimwi, inaimba tangu wanapoanika dagaa asubuhi hadi wanaposhuka majini jioni. Simu ikikosa mtandao, redio ipo. Ninachoomba ni utabiri wa ziwa usomwe saa kumi jioni, kabla mitumbwi haijatoka, na urudiwe saa tatu usiku kwa wale wanaobeba redio mtumbwini. Kila siku, hata siku ambayo ziwa limetulia, ili watu wazoee kuusubiri. Kwa Kiswahili na kwa Kihaya, na ukimpata mtu wa kuusema kwa Kikerewe, bora zaidi. Dakika tatu zinatosha.

Najua lazima uende kwa mkubwa wako na hoja mkononi, kwa hiyo nakupa kila nilicho nacho. Hili ndilo ninalofundisha darasani na nimelisoma kwa miaka, maana nusu ya wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi.

Anza na kwa nini usiku. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mawingu yanajengeka huko milimani. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unateremka kuingia ziwani kutoka pande zote. Ni kama watu wanaoingia mnadani kwa malango yote kwa wakati mmoja: wakikutana katikati hawana pa kwenda. Hewa nayo njia yake ni moja, kupanda, na inapanda na mvuke wa ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Hapo ndipo radi zinaanza. Sasa fikiria: dhoruba za ziwa hili ni za usiku, na dagaa nao wanavuliwa usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Kazi ya Mabula na hatari yake zinakuja saa zile zile. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wavuvi kati ya 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa hili kila mwaka. Kila mwaka, Kabula! Ingekuwa ndege zinaanguka, dunia nzima ingesimama.

Halafu mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2016 mtafiti Mbelgiji, Wim Thiery, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu dhoruba za Ziwa Victoria. Walichukua picha za miaka kadhaa za setilaiti ya Meteosat, wakaunganisha na hesabu za kompyuta, wakaona kwamba dunia inavyozidi kupata joto, mvua kali za usiku juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kuliko zile za nchi kavu inayolizunguka. Mwaka uliofuata wakatoa utafiti mwingine, na hili ndilo nataka ulipigie mstari mbele ya mkubwa wako: ukitazama kwa setilaiti dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu, unaweza kujua kama usiku ziwa litakuwa la hatari. Alasiri! Yaani ishara inaonekana mitumbwi bado iko mchangani, watu bado wanakula ugali. Ndiyo sababu nasema saa kumi jioni. Ukisoma utabiri kwenye taarifa ya saa mbili usiku, unawasomea watu ambao wameshaondoka.

Hiyo Meteosat, wewe mwenyewe umeshaiona bila kujua, ndiyo picha ya mawingu ya Afrika inayoonyeshwa kwenye televisheni. Iko juu ya Ikweta, upande wa Ghuba ya Guinea, umbali wa kilomita kama 36,000, na inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo haiondoki hapo, inatutazama mchana na usiku. Ni ya nchi za Ulaya kwa umoja wao, shirika lao linaitwa EUMETSAT. Desemba 2022 walirusha ya kizazi kipya. Ya zamani ilileta picha kila baada ya dakika 15, hii mpya kila dakika 10, na imebeba chombo cha kutazama radi, cha kwanza cha aina yake juu ya Ulaya na Afrika, kinachopiga hadi picha 1,000 kwa sekunde. Radi ikipiga katikati ya ziwa, mahali ambapo hakuna kituo wala mtu, inaonekana.

Lakini picha peke yake haimwambii Mabula abaki ufukweni. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha na nchi zetu mradi ulioitwa HIGHWAY, kwa fedha za Uingereza: Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wakae meza moja, watazame ziwa lile lile kwa pamoja, na watoe utabiri ambao mvuvi anaweza kuutumia. Wavuvi wenyewe waliulizwa wanataka kuambiwa nini na kwa namna gani. Mimi hilo ndilo linalonipa moyo kuliko roketi yoyote. Dhoruba inazaliwa upande wa Kenya, inavuka kwa Mganda, inamkuta Mtanzania. Haina pasipoti. Kama kila nchi ingebaki na rada yake na siri yake, tungekuwa tunaambiana habari za jana.

Na si dhoruba peke yake. Unakumbuka 2020, maji yalivyopanda hadi nyumba za ufukweni zikahamwa, na ile chanja ya mama ya kuanikia dagaa ikabaki ndani ya maji? Mwezi Mei mwaka ule kipimo cha kimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikapita rekodi iliyokuwepo tangu 1964. Basi kimo hicho hicho kinapimwa pia kutoka angani. Tangu 1992, Marekani na Ufaransa waliporusha TOPEX/Poseidon, kumekuwa na setilaiti zinazopokezana kazi hiyo: inatuma wimbi la rada chini, linagonga maji, linarudi, na kwa muda wa kwenda na kurudi wanajua maji yako kimo gani. Zilitengenezwa kwa ajili ya bahari, lakini ziwa letu ni kubwa kiasi kwamba zinalisoma vizuri tu. Vipimo hivyo havifichwi. Kadhalika picha za setilaiti za Landsat za Marekani, bure tangu 2008, na za Sentinel za Ulaya. Nimewaonyesha Kidato cha Tatu magugu maji kwenye picha ya Sentinel, kijani kibichi kimejaza ghuba, wakanyamaza wote, halafu mmoja akasema, "Mwalimu, pale ndipo baba anategea nyavu."

Nimekaa nikifikiri pia juu ya upande wa pili. Macho haya yote ni ya watu wengine. Leo wanatupa, na nashukuru kwa moyo wote, lakini fedha za misaada zinakatwa kwa sahihi moja, tumeona 2025 Marekani walivyokata. Mradi ukiisha, nani anaendelea kulipa umeme wa rada na mshahara wa anayekesha? Majirani wameanza: Uganda walipata setilaiti yao ndogo ya kwanza 2022, pamoja na Zimbabwe, kwa msaada wa chuo kimoja cha Japani, na Kenya wakarusha Taifa-1 Aprili 2023. Umoja wa Afrika umefungua Wakala wa Anga wa Afrika huko Cairo, Aprili 2025. Na ujue setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Kenya tarehe 12 Desemba 1970, ya Wamarekani, kwenye kituo cha Waitaliano. Zaidi ya miaka hamsini, na pwani ni yetu! Mimi natamani nchi za ziwa hili ziwe na setilaiti moja ya pamoja, kazi yake ziwa hili tu. Ni ghali, ndiyo. Lakini hesabu ya wanaokufa nayo ifanywe.

Narudi kwenye redio. Mkubwa wako anaweza kusema utabiri unakosea, wavuvi watacheka. Unakosea, ndiyo, na wavuvi wanajua ziwa kuliko mimi. Mvuvi akibaki ufukweni na usiku ukapita shwari, amepoteza kipato cha usiku mzima na deni la mafuta liko pale pale. Hilo si dogo na sitaki tulidharau hewani. Semeni ukweli kama ulivyo: uwezekano ni mkubwa, au ni mdogo, hatari inaanza saa fulani, upande fulani. Waachieni waamue. Anayejua anaweza kuvua karibu na kisiwa badala ya kwenda mbali, anaweza kuvaa jaketi la uokozi badala ya kulikalia. Na tajiri anayesema "tokeni tu, mafuta nimeshanunua"... hilo nalo lina barua yake. Ila kama tahadhari imesomwa redioni na kambi nzima imeisikia, tajiri hawezi kusema hakujua.

Hoja ya mwisho, kama bado anasitasita. Mwaka 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza mpango kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe anafikiwa na tahadhari za mapema. Kila mtu. Goziba kuna watu. Mwambie mkubwa wako redio yenu inaweza kuwafikia kwa dakika tatu na karatasi moja.

Nilimwambia Baba Kulwa wa BMU yetu, kikundi cha kusimamia ufukwe, kuhusu wazo hili, akasema hapa Igombe wao watapandisha bendera nyekundu siku ya hatari, ionekane toka mbali. Nimefurahi. Kitambaa nimekitoa mimi, mama amekishona.

Haya, sasa nijibu. Kipindi cha saa kumi jioni bado ni chako au amepewa yule kijana wa muziki? Utabiri mnaupata vipi hapo, mnatumiwa moja kwa moja au mnachukua mtandaoni? Je, mawimbi yenu yanafika Ukara na Ukerewe, au yanakatikia Goziba? Ukihitaji mvuvi wa kuzungumza hewani, Mabula amekubali, ila anauliza kama lazima aseme jina lake. Unafikiri nimwandikie mkubwa wako barua rasmi yenye muhuri wa shule, au itaharibu? Na wewe mwenyewe, kile kikohozi kimeisha? Utakuja lini? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, foleni ya kivuko hakuna tena, kwa hiyo kisingizio kile kimekufa. Mama anauliza senene, ukija usisahau. Mimi nitakuwekea dagaa wa Mabula, wale wa juani.

Nijibu kabla giza linalokuja halijaanza, tafadhali. Mabula ameshaanza kushona nyavu mpya.

Wako,
Nyanjige