Mtoto akitukanwa rangi, usicheke

Wanangu wa Mji wa Kale na mitaa ya jirani, assalamu alaykum.

Ijumaa iliyopita nilikuwa harusini. Wasichana wadogo walikuwa wakipangwa kubeba maua mbele ya bibi harusi. Mama mmoja akamshika bega mtoto wa miaka kama saba, akamrudisha nyuma. "Huyu masizi atatuharibia picha," akasema, na meza nzima ikacheka. Mamake mtoto alikuwepo, naye akacheka. Nilimwona mtoto akimtazama mamake kwanza, kabla ya kumtazama aliyemsema. Kwa miguu yangu hii, nilipofika alikuwa kashajificha nyuma ya pazia.

Mwanangu uliyecheka, nakuelewa. Hukutaka kuharibu furaha ya watu. Mimi nami, miaka arubaini nyuma, nilinyamaza binti yangu alipoitwa kijakazi uani kwa watu. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na bado huitaja siku ile. Neno lenyewe halitaji. Hutaja kwamba nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na sikukiweka chini.

Kwa hivyo usingoje mrudi nyumbani. Sema palepale, bila kupaza sauti, mtoto akisikia: "Mwanangu ana jina, mwite kwa jina lake." Yatosha. Ukiambiwa ni utani, jibu kwamba mtani hutaniwa akarudisha, na mtoto wa miaka saba hawezi kumrudishia mtu mzima.

Tena, tafadhalini, msimbembeleze kwa kumwambia, "Wewe si mweusi, wewe ni maji ya kunde." Hapo umekubali kwamba weusi ni aibu, ukabisha kiasi chake tu. Wala usimwahidi kwamba nywele zake za kipilipili zitanyooka zikawa za singa. Mwambie mtoto kwamba aliyekosa ni yule mama.

Makosa haya twayaanza mapema. Mtoto hajatoka arubaini, mashangazi washamgeuza masikio waangalie atatulia na rangi gani. Mimi mwenyewe nimeyageuza mengi. Naomba tuache.

Na wanaojivunia nasaba, waikumbuke yote. Hapa pwani yetu hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907, wakati nyanya yangu kashazaliwa. Ni nyumba ngapi za Mombasa ambazo bibi mkubwa wao aliingia akiwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, akazaa, wanawe wakarithi sawa na wengine? Sultani Barghash wa Unguja, ambaye soko la watumwa lilifungwa zama zake mwaka 1873, mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Ukimwita mtoto wa jirani kijakazi, huenda unamtukana nyanya wa nyanya yako.

Watoto wetu wote wapita madrasa. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abu Dharr, sahaba mkubwa, aliyemtukana mtu kwa kumtaja mamake. Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake bado umo ujahiliya, ule ujinga wa kabla ya Uislamu. Aliambiwa hivyo sahaba. Sisi je?

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa nyumbani. Aliyesema neno lile namwomba aje, na mamake mtoto aje na bintiye. Mtoto ndiye atakayesikilizwa kwanza. Kahawa tutakunywa baadaye.