Mdogo wangu, mwanao anakula

Mdogo wangu mpendwa,

Najua kwa nini uliondoka mapema arusini. Yule mama alimuuliza mwanao mbele za watu kama yuko darasa la pili, naye ana miaka 13. Mwingine akanong'ona kwamba pengine humlishi. Mimi nilinyamaza, na ukimya ule unanichoma mpaka leo. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, na wao wasome.

Mtoto anakula, mwili wake ndio unaotumia kingi. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Seli nyekundu ya damu ya mtu asiye nao huishi siku 120 hivi. Ya mwanao hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo kila kukicha mwili unatengeneza damu upya, moyo nao unafanya kazi ya ziada kuizungusha damu hiyo haba, na kinachobaki cha kujenga nyama na kurefusha mifupa ni kidogo. Halafu yanakuja yale maumivu: siku nne hagusi hata uji. Umekesha naye, sina la kukusimulia hapo.

Ila hili huenda hakuna aliyekuambia. Watoto wengi wenye selimundu huchelewa kubalehe, na mifupa yao huchelewa kukomaa. Wenzao wakishaacha kurefuka, wao bado wanaendelea, na wengi huja kuwafikia au kuwakaribia. Binti yangu alivunja ungo akiwa na miaka 16, nami nililia sana kabla ya hapo. Leo viatu vyangu havimwingii.

Usikubali arudishwe darasa kwa sababu ya umbo. Kliniki waombe wampime urefu kila mnapokwenda, si uzito peke yake, na wauandike kwenye kadi. Akikaa muda mrefu bila kuongezeka, daktari achunguze kama kuna sababu nyingine. Muulize pia kuhusu haidroksiurea, dawa ya selimundu inayosaidia kupunguza yale maumivu. Foliki asidi, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, aendelee nayo. Lakini zile dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, anazokuletea mama mkwe kwa nia njema, usimpe bila daktari kusema: mwanao ameongezewa damu mara nyingi, na chuma kikizidi mwilini huharibu hata tezi zinazoongoza ukuaji.

Jumapili nakuja na futi kamba. Tutamsimamisha kwenye fremu ya mlango, tuchore mstari, tuandike tarehe.

Dada yako