Simu iwe ndani ya koti: barua kwa Rehema anayesoma Harbin, China

Tanga, 28 Desemba

Mwanangu Rehema,

Marahaba, na salamu zako zote zimefika. Sisi huku hatujambo. Kaskazi imeshaanza kuvuma lakini joto halipungui, bibi yako amehamia kulala sakafuni sebuleni. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu vidole vyangu vinakosea herufi, na nikikupigia unasema "mimi mzima mama, nina mtihani," halafu mtandao unakatika. Sijui unakatika wenyewe au unakatwa. Mdogo wako Salim ataipiga picha barua hii, ukurasa kwa ukurasa, akutumie WeChat. Nimemkataza kuisoma. Ataisoma.

Habari ya kuanguka kwako nimeipata sokoni Ngamiani, nimeshika fungu la mchicha mkononi. Mama Zuhura ananipa pole. "Pole kwa Rehema, mkono unaendeleaje?" Nikamjibu unaendelea vizuri. Ningesema nini mbele ya watu, kwamba sijui mkono wa mwanangu umefanya nini? Zuhura yuko Wuhan, wewe uko Harbin, na Wuhan nzima wamejua kabla ya mimi. Nyie na magrupu yenu. Mchicha nililipia nikauacha pale pale juu ya meza.

Ndipo nilipokubana ukasema mkono umeteguka tu, haukuvunjika, tena ni wa kushoto kwa hiyo mtihani utaandika. Mimi nauliza mkono, wewe unanijibu mtihani.

Lakini siyo mkono unaoninyima usingizi. Ni ile simu. Ulilitaja kwa kupitia tu, kama kwamba si kitu: ulianguka nje ya maktaba saa nne usiku, ukataka kumpigia mwenzako, simu imezima. Ukakaa pale juu ya barafu mpaka akapita mzee wa kuzoa theluji akakuinua. Na asipopita? Ukaniambia betri ilikuwa na asilimia arobaini, ni baridi ndiyo inayoizima. Nilidhani unanidanganya. Salim ndiye aliyenieleza kwamba baridi kali inaifanya betri ishindwe kutoa umeme wake hata kama umo, na ukiipasha joto inarudi. Haya, sasa nimeelewa. Ila kama mnalijua hilo nyote mnaosoma huko, kwa nini simu inakaa mfuko wa nje wa koti? Iweke ndani, karibu na mwili, juu ya fulana. Na pawabanki nayo ndani, maana nayo ni betri.

Mwenyewe umeniambia huko kila kitu ni simu. Basi unalipia kwa simu, chakula kwa simu, teksi unaita kwa simu, hata kiti cha maktaba unakishika kwa simu. Kwa hiyo simu ikizima huna nauli, huna ramani, huna wa kumwita. Weka noti. Najua utasema watu huko wameshasahau noti na muuzaji atakushangaa. Akushangae. Ni pesa ya serikali yake mwenyewe, hawezi kuikataa. Yuan mia moja, ikunje, iweke kwenye soksi, uisahau huko mpaka siku ya shida.

Saa nne usiku kwenu ni saa kumi na moja jioni kwetu. Hapo mimi nakuwa ndiyo nimebandika karai la bajia. Tangu nijue kwamba maktaba inafungwa saa hiyo, bajia zangu zinaungua, muulize Salim. Ukifika chumbani nitumie neno moja. Usinitumie maelezo, unasoma, najua. Andika "nimefika." Ukichoka weka hata nukta, nitaelewa.

Baba yako hasemi kitu, unamjua. Ila ameiweka hali ya hewa ya Harbin kwenye simu yake, na kila alfajiri akitoka msikitini anaisoma kwa sauti kabla hajanywa chai. "Ishirini na tatu chini ya sifuri." Kisha ananyamaza. Juzi aligundua kwamba jua linazama kwenu kabla hata ya saa kumi jioni, akaanza kukupangia vipindi: alasiri inaingia kabla ya saa nane, magharibi inakukuta kwenye chumba cha mtihani, binti huyu anaswali wapi? Amelipeleka hadi barazani. Wazee wamejadili mpaka kahawa imepoa. Mimi nasema Mwenyezi Mungu anaona ratiba ya chuo chenu vizuri kuliko wao, lakini ukipata nafasi mpigie baba yako umweleze unavyofanya, itampunguzia.

Na hapo hapo barazani anakusifia mpaka naona haya. Juzi amewaeleza wenzake wa zamani wa bandarini kwamba Harbin udongo unaganda kwenda chini karibu mita mbili, kwamba maji yaliyomo yakiganda yanapanuka na yanaweza kuinyanyua nyumba, ndiyo maana msingi unachimbwa mpaka kupita hapo. Amelisema kama alichimba yeye. Mzee mmoja akauliza, sasa akirudi Tanga hiyo elimu ya udongo wa barafu ataifanyia nini, huku kwetu shida ni mafuriko? Baba yako alirudi nyumbani amenuna. Anataka umwandikie jibu, liwe fupi na liwe na namba ndani.

Sasa viatu. Zile buti za mtumba tulizonunua Barabara ya Kumi na Mbili zimekwisha soli, usibishe, nimeziona kwenye video uliyomtumia Salim, chini zimekuwa bapa kabisa. Niliuliza kwa nini hujanunua nyingine, ukasema bado zinafaa. Zinafaa wapi, sebuleni? Na mwezi wa kumi ulituma hela ya mabati. Mimi yale mabati niliyataja tu, mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, mtu akisema jikoni panavuja hajasema tuma hela. Lakini ilipofika niliipokea, na sikuuliza imetoka wapi. Sasa najua imetoka miguuni kwako. Ile posho ya udhamini ya yuan 2,500 kwa mwezi umepewa ule na uvae, hukupewa kuezekea nyumba ya Tanga. Mwezi ujao usitume kitu. Nasema usitume, ukituma nitairudisha, hata kama sijui inarudishwaje. Nunua viatu vyenye soli ya mpira laini yenye meno, siyo vile vya kupendeza. Na ukitembea kwenye barafu tembea kama umebeba ndoo ya maji kichwani: hatua fupi, mguu wote unagusa chini kwa pamoja, shingo imetulia. Kazi hiyo unaijua tangu mdogo, ni vile tu unajifanya umeisahau. Mikono itoke mfukoni ili ukiteleza ujishike, na kwa hiyo uvae glavu, siyo kuzibeba kwenye begi.

Mitihani. Umesema imebaki haidroliki, mekanika ya udongo na ule wa Kichina. Alama ya kufaulu ni 60, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, halafu mwaka jana ulinililia kwenye simu kwa sababu umepata 78. Wale unaojilinganisha nao wamesoma hesabu kwa Kichina tangu darasa la kwanza. Wewe mwaka wako wote wa kwanza ulikuwa unajifunza kusoma kibao cha mlangoni. 78 yako ina uzito wake, na mimi nimeiandika nyuma ya kalenda. Lakini nako usije ukabweteka, udhamini unakaguliwa kila mwaka na hapa hakuna wa kulipa ada hizo. Ila lala. Soma, lakini lala. Unaona ninavyokuwa, mwenyewe sijui niseme lipi.

Hilo la kuwahi viti maktaba alfajiri silipendi. Jua kwenu linachomoza saa moja imeshapita, ninyi mko foleni tangu saa kumi na mbili, kwenye giza, na mnarudi kwenye giza. Mtu atakaaje hivyo majuma mazima bila kuliona jua? Saa tano na nusu, liko juu kadiri linavyoweza, funga kitabu, toka nje kidogo, ndipo uende kula. Ule chakula, siyo biskuti. Ile kantini ya Waislamu si ina tambi za supu ya nyama? Kula hizo. Zile peasi nyeusi zilizogandishwa wanazouza barabarani usiziguse kipindi cha mitihani, tumbo lako nalijua. Salim amenionyesha watu wa mji wenu wanatembea kwenye baridi hiyo wanalamba aiskrimu, nikadhani ni mchezo wa kompyuta.

Na mtoni usiende. Najua Songhua imeganda, najua watu wanatembea juu yake na wanakata mapande ya barafu kwa misumeno wanajengea yale majumba ya taa ya maonyesho ya Januari. Yakiwa tayari na mitihani ikiwa imekwisha, nenda na wenzako mkayaone, mchana, mpige picha, mnitumie. Kabla ya hapo mto uache. Maji ni maji hata yakiwa magumu, na simu yako itazima huko huko kwenye mto.

Pua kutoka damu ni ukavu wa zile bomba za kupasha chumba. Lowesha taulo ulitandaze juu ya bomba usiku, na mafuta ya nazi niliyokufungia jipake ndani ya pua kabla ya kulala. Unasema yameganda dirishani. Yatoe dirishani! Yasogeze kwenye joto yatayeyuka, mafuta hayaharibiki kwa kuganda. Nimekufungia chupa nzima halafu unayatazama.

Nyumbani mambo ni yale yale. Salim anasubiri matokeo ya kidato cha nne mwezi ujao, na namna anavyosubiri ni kulala mpaka saa nne asubuhi. Nimempa kazi ya kusaga kunde za bajia, anasaga huku anaangalia simu. Anasema wewe ulimwambia akipata daraja la kwanza utamtafutia chuo huko. Usimuahidi mtoto vitu. Au kama ulimwahidi, mwambie kwanza ajifunze kuamka. Bibi yako goti limetulia, anakusalimia na anauliza kama umepata mchumba wa Kichina, nimemwambia akuulize mwenyewe. Mwembe wa nyuma umezaa mwaka huu mpaka matawi yanainama, nimetengeneza achari ya madumu mawili. Kuna kijana wa Chumbageni anarudi Guangzhou mwezi wa pili, amekubali kubeba achari na pilipili, dagaa amekataa kwa ajili ya harufu. Sijui kutoka Guangzhou mpaka kwako inafikaje, yeye anasema wanatuma kwa kifurushi na kinafika haraka kuliko basi la Dar.

Mabati yamepigwa jikoni, geji 28, hapavuji tena. Fundi alisema siku mbili akafanya wiki, na pembeni ya ukuta ameacha nafasi panya anapita. Ungekuwepo ungemsimamia. Amekuja sasa hivi kudai salio lake na mimi nimemwambia salio analo panya. Yuko mlangoni anacheka, hataki kuondoka, ngoja nimalizie nikamkabili.

Nitumie tarehe na saa ya kila mtihani uliobaki, kwa saa za huku, maana baba yako akijumlisha na kutoa anachanganya mpaka siku. Na nitumie namba ya yule binti wa Morogoro wa chumba cha jirani. Sitampigia ovyo. Nitampigia tu kama imefika saa kumi na mbili jioni sijaona nukta.

Mama yako

Salim anasema niandike kwamba hajasoma. Pia anauliza glavu zako ni saizi gani, sijui amepata wapi hela.