Risala ya Kamati ya Tamasha la Fasihi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Vikao vya Mtandaoni, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wote,
Viongozi wa dini na wa serikali za mitaa,
Wakutubi, wauza vitabu, na waandishi mlio hapa na mnaotufuatilia mtandaoni,
Wazazi, walezi na wanafunzi wapendwa,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya hata tukakutana leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuja siku ya kazi, tena wakati Bunge la Bajeti linaendelea na kila ofisi hapa Dodoma ina haraka zake. Karibu sana katika shule hii na katika shughuli hii ya vitabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tamasha letu lilianza kama yanavyoanza mengi: hema, viti vya plastiki, meza za vitabu na kipaza sauti cha kukodi. Mwandishi alipanda basi, akalala nyumba ya wageni, asubuhi akasimama mbele ya watu akasoma, akaulizwa maswali, akasaini vitabu. Tulilipenda tamasha la namna hiyo na bado tunalipenda. Lakini kila tulipokaa kufunga hesabu tuliona jambo lile lile: fedha tulizochangisha kwa jasho ziliishia kwenye hema, viti na vyumba vya kulala. Mwenyeji yeyote wa Dodoma anajua hali ilivyo kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Wabunge, watumishi na wageni wao wameujaza mji, chumba hakipatikani, na kikipatikana bei yake si ya kamati ya kujitolea. Fedha ya kununulia vitabu ikawa ile iliyobaki baada ya kila kitu kulipwa.

Jambo la pili lilituuma zaidi. Tuliokaa chini ya hema lile tulikuwa sisi kwa sisi, watu wa mjini. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma ukiwa na watu 3,085,625, na kati yao waliokuwa ndani ya Jiji ni 765,179. Maana yake ni kwamba watatu katika kila wanne wanaishi Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Treni ya mwendokasi iliyoanza safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 imemsogeza kwetu mwandishi anayeishi Pwani. Anapanda asubuhi na mchana yuko hapa. Haijamsogeza mwanafunzi wa Kondoa, aliye mbali na hema letu kwa kilomita zipatazo 160, wala mwenzake wa vijiji vya Mpwapwa ambaye nauli ya kuja na kurudi ni fedha ya chakula nyumbani kwao.

Kwa sababu hizo mbili kamati imeamua kwamba mwaka huu vikao vya waandishi vifanyike mtandaoni, isipokuwa kile cha mwisho, visiwe na kiingilio, na visikilizwe kwa pamoja katika vyumba vya shule na maktaba.

Njia hii ina watangulizi. Mwezi Mei 2020, korona ilipofunga milango duniani, mji mdogo wa Hay-on-Wye huko Wales, wenye wakazi wasiofika 2,000 na maduka mengi ya vitabu vilivyokwishasomwa, ulilihamishia tamasha lake mtandaoni na kuwaruhusu watu wote wawasikilize waandishi bila kulipa. Tamasha lile lilikuwa likifanyika tangu mwaka 1988 na watu walikuwa wakisafiri kulifuata. Tuliposoma habari zake tulipata moyo. Tuliona pia mahali ambapo sisi na wao tunatofautiana: msikilizaji wao kwa kawaida alikuwa na intaneti tayari nyumbani kwake, akakaa kitini na kusikiliza. Kwetu mwenye kusikiliza kwa simu hununua bando, na kikao cha saa nzima chenye picha hulimaliza bando la siku kabla mwandishi hajafika katikati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa tunaomba usikie kwa makini, kwa kuwa ndiyo kiini cha risala hii. Tamasha la mtandaoni huitwa la bure kwa sababu mlangoni hakuna anayekata tiketi. Gharama haijafutika. Imehama kutoka kwa kamati ikaenda kwa msikilizaji, na msikilizaji wetu ni mtoto. Mtoto huyo haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sisi hatuombi utaratibu huo ubadilishwe. Akirudi nyumbani, simu janja iliyopo ni ya baba au ya kaka, na ina kazi zake. Tukirusha kikao mubashara kisha tukajipongeza kwamba milango iko wazi, watakaoingia ni wale wale waliokuwa wakikaa chini ya hema, safari hii wakiwa kwenye makochi yao.

Ndiyo maana tumeamua kuanzia na chumba. Kila shule shiriki inahitaji chumba kimoja, kompyuta moja, projekta au runinga, spika inayosikika hadi dawati la nyuma, na mwalimu mmoja mwenye moyo. Bando ni moja kwa wanafunzi mia. Baadhi ya shule za umma zimeshapata kompyuta kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, kwa hiyo mahali pengi vifaa vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa ya kukifungua chumba nje ya kipindi cha kompyuta, na mtu wa kukabidhiwa funguo.

Naomba nieleze kikao kinavyokwenda, kwa sababu tumekwisha kufanya vya majaribio na tumejifunza mengi. Wiki mbili kabla, shule hupelekewa nakala chache za kitabu. Wanafunzi hukisoma kwa zamu, na pale nakala zisipotosha mmoja husoma kwa sauti wenzake wakisikiliza. Huandika maswali yao, wenyewe huyachambua na kuchagua ya kupeleka. Siku ya kikao, saa tisa alasiri, mwandishi hutokea kwenye skrini, husoma kurasa chache tu, kisha muda wote uliobaki ni wa maswali. Waandishi wengine walipendelea jioni, kama ilivyo kawaida ya hafla za vitabu. Tuliwaeleza kwamba wanafunzi wa kutwa hutembea mwendo mrefu kurudi kwao, na hatuko tayari kumwachia binti aingie gizani kwa sababu ya tamasha. Wote walielewa.

Katika kikao kimoja cha majaribio, binti wa kidato cha tatu alisimama mbele ya kamera akamuuliza mwandishi kwa nini mama wa mhusika mkuu hakupewa jina kitabu kizima, ilhali mbwa wa jirani analo. Mwandishi alikaa kimya kidogo, akafungua kitabu chake mwenyewe akaanza kutafuta. Walimu walituambia kwamba wiki iliyofuata nakala zile ziligombaniwa. Kila mmoja alitaka kugundua lake la kuuliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe umesoma katika shule hizi na unajua Kiswahili cha sekondari kinavyofundishwa. Mtahiniwa anatakiwa aeleze fani na maudhui ya riwaya, tamthiliya na mashairi. Nakala za vitabu hivyo ni haba, kwa hiyo wengi wanakariri madesa: muhtasari wa muhtasari, uliopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Anafaulu, pengine kwa alama nzuri, akiwa hajawahi kufungua kitabu anachokijadili. Swali la yule binti halimo katika desa lolote. Kamati hii inaamini kwamba mtoto akimwona mwandishi akicheka, akifikiri, akikubali kwamba hapa angeandika vingine, atakitaka kitabu chenyewe. Tumeshuhudia wanafunzi wakishangaa kwamba mwandishi yu hai na anaongea kama wao. Hili halitokani na uvivu wao. Majina yote ya waandishi wameyakuta kwenye karatasi ya mtihani.

Na Ugogo si ugenini kwa fasihi. Ngonjera mliyoisikia muda mfupi uliopita, iliyotungwa na wanafunzi wa shule hii, ni mali yetu kwa namna ya pekee. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyeikuza na kuieneza ngonjera katika ushairi wa Kiswahili, akiwa pia miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Leo hakuna mgeni rasmi anayekaribishwa katika shule za nchi hii bila watoto kujibizana kwa beti. Ni haki ya mtoto wa Chamwino na wa Bahi kujua kwamba mtu aliyeisimamisha sanaa hiyo alikulia katika ardhi hii ya mibuyu na uwele, akaandika Kiswahili kilichosomwa hadi Pwani. Kikao chetu cha kwanza kitahusu ushairi wake, na malenga watakaozungumza watatoka Dodoma.

Yapo malalamiko tuliyoyapokea na tunayaheshimu. Wazee wetu wa kamati wanasema kusalimiana kwa skrini si kusalimiana, na wauza vitabu wanasema meza ya vitabu haiuzi ikiwa hakuna watu mbele yake. Wote wana haki. Kwa wauza vitabu tumekubaliana kwamba nakala zote zinazokwenda shuleni zinunuliwe katika maduka ya hapa mjini, na fedha za hema ndizo zinazozinunua. Kuhusu wazee, kikao cha mwisho, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kitafanyika maktaba ana kwa ana, na mtandao utawaunganisha walio mbali.

Suala la waandishi nalo tusilipite. Msikilizaji halipi, lakini mwandishi analipwa. Kamati inamlipa kila anayezungumza posho ya kikao, iwe yuko Dar es Salaam, Unguja au hapa Area C. Tumewahi kuombwa tutoe kitabu kizima kwa PDF kwenye makundi ya simu ili kisambae haraka, na tumekataa. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa shida. Kumwalika tumsifu kisha tukagawa kazi yake bila idhini yake ni kumwibia mbele ya watoto. Rekodi za vikao zitatunzwa kwa muda ambao mwandishi ameukubali kwa maandishi, na zitafutwa muda huo ukiisha. Kwa vitabu vya kiada, wanafunzi wanaweza kutumia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inayosomwa bila malipo, na tumewaonyesha walimu namna ya kuifikia.

Changamoto zipo. Umeme ulikatika katikati ya kikao kimoja na wanafunzi wakabaki wamekodolea macho ukuta mweupe. Mwalimu aliweka simu yake kwenye spika ya betri na kikao kikaendelea kwa sauti. Tangu hapo kila shule ina agizo la kuwa na simu na spika ya akiba. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu picha huganda, kwa hiyo tunawaomba waandishi wasitegemee picha kueleza jambo. Shule zisizo na umeme kabisa bado hatujazifikia, na hilo linatunyima usingizi kuliko yote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo tuna maombi manne, na tumeyapima kabla ya kuyaleta.

Kwanza, tunaomba utusemee kwa maafisa elimu wa halmashauri zote za mkoa huu, ili wakuu wa shule waelekezwe kuvifungua vyumba vya kompyuta siku ya Alhamisi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na nusu. Ombi hili halina gharama, na ndilo tunaloliweka mbele ya mengine yote.

Pili, tunaomba utukutanishe na makampuni ya simu yenye ofisi hapa Dodoma, ili shule zinazoshiriki zipatiwe bando la vikao katika msimu huu wote. Barua tumeiandaa na tutakukabidhi leo.

Tatu, tunaomba redio za mkoa wetu zitenge nusu saa kwa wiki kurudia sauti za vikao. Kule ambako mtandao haufiki redio inafika, na mama anayepalilia au kijana anayechunga anaweza kumsikia mwandishi akisoma. Tutazikabidhi sauti zikiwa zimehaririwa, na idhini za waandishi zikiwa zimesainiwa.

Nne ni vitabu. Nakala kumi kwa shule zingetosha kuanzia. Tumewaomba wazazi na wafanyabiashara waliopo hapa wachangie, na kikapu kiko mlangoni pamoja na orodha ya vitabu vinavyohitajika. Anayependa anaweza kununua kitabu chenyewe dukani akakileta badala ya fedha.

Tunawashukuru walimu wanaobaki shuleni baada ya saa za kazi, wakutubi wanaotuazima viti na meza, mafundi waliotufungia projekta hii, na wanafunzi waliotunga ngonjera na kuandika maswali. Tunakuomba sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utufungulie rasmi vikao vyetu kwa kubonyeza kompyuta iliyo mbele yako. Wanafunzi wa Kondoa, Mpwapwa na Bahi wako upande wa pili tangu saa tisa, na swali la kwanza watakuuliza wewe: kitabu gani ulikipenda ulipokuwa na umri wao.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Tamasha